Kofia Nne za Gradi

Goma, Mapendo
Jumamosi asubuhi

Mwanangu Fortunat,

Pokea salamu zangu za mikono miwili, sawa vile nilikuwa nakupokea ukitoka masomo na vumbi mpaka ndani ya masikio. Kifua chako kinasemaje? Upepo wa Vitshumbi bado unakukohoza, ama ulinunua lile koti nililokuambia? Na unakula kitu gani zaidi ya samaki? Mutu akiuza samaki miaka mingi bila kubadilisha chakula, mwisho wateja wanaanza kumufunua mashavu waone kama yeye mwenyewe bado ni mubichi. Nakutania, usikunje uso.

Sisi hapa tunapumua. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Maji yanakuja mara mbili kwa juma, tunapanga mabidon kwenye mustari tangu alfajiri na kutukanana kidogo, kisha tunarudi nyumbani tukiwa marafiki. Hakuna aliyekufa kwenye barabara yetu tangu uende. Kwa hayo namushukuru Mungu.

Unajua mimi sikuingia darasa hata siku moja. Herufi naziona sawa nyayo za kuku kwenye majivu. Kwa hiyo mukono unaoandika hapa unaujua: ni wa muke wako, Bénita. Usikunje karatasi! Soma. Nimemwambia aandike kila neno linalotoka kinywani mwangu, asiongeze, asipunguze, hata nikitukana, hata kama neno linamuhusu yeye. Ameapa. Amekaa kwenye kiti kidogo, mutoto mugongoni, na hajui ninaelekea wapi. Ningeweza kutafuta mutu mwingine wa kuniandikia. Sikutaka. Utaona kwa nini.

Simu nilijaribu mpaka kidole kikauma. Ile mashine inasema haupatikani. Mimi najua unapatikana, umefunga tu. Basi nampa Rodrigue karatasi hii pamoja na kifurushi kidogo, maana lori lake linapanda kesho, na karatasi haina mahali pa kufunga.

Neno ulilotuma na huyohuyo Rodrigue tulilipata. Ulisema kwamba mbele ya mwezi kuisha Bénita arudi kwa wazazi wake Butembo, na mutoto abaki kwangu, sababu mama aliyemuharibu hawezi kuwa mama wa kumulea. Rodrigue alilisema akiangalia viatu vyake. Tangu siku hiyo Bénita anakunja nguo zake kidogo kidogo, leo kitenge kimoja, kesho blauzi, kama mutu anayejizoesha. Nami nimekuwa nikimutazama akikunja. Ndiyo maana leo nimemwambia alete kalamu.

Nitaanza mwanzo, maana wewe hukuwa hapa na habari uliyopata ni nusu.

Bénita alikuwa na miezi sita na nusu. Miguu ilivimba, kichwa kilimuuma juma zima, akasema ni jua la soko. Asubuhi moja alianguka jikoni akatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Nilimubeba na jirani mpaka kwenye pikipiki ya motari, nikakaa nyuma nimemushika kama gunia. Hospitali walisema presha imepanda mpaka ubongoni na mutoto lazima atoke sasa hivi, ama wawili wanakwenda. Gradi akatoka. Kilo moja na gramu mia. Fortunat, mimi nimezaa sita, nimezika wawili, nilizani nimeona kila namna ya mutoto. Ngozi yake ilikuwa kama ile ya ndani ya kitunguu. Niliona moyo wake ukipiga kwa nje.

Siku nane Bénita hakujua jina lake. Alilala chumba kingine na serumu ikidondoka mukononi, akisema maneno yasiyokuwa na kichwa wala mukia. Kuveze, yale masanduku ya joto, zilikuwa mbili na watoto wanane. Basi wauguzi walinivua blauzi, wakaniwekea mutoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakanifunga na kitambaa. Wanaita hiyo kanguru. Mimi, na maziwa haya yaliyolala kama soksi, nikarudi kuwa mama. Mutoto alipata joto langu, maziwa ya Bénita walikuwa wanayakamua na kumupa kwa mupira wa puani.

Mbele yangu kulikuwa na Charline, binti wa Kibumba, na kasichana kake kifuani. Charline alikuwa na mudomo! Alisema mimi ndiye bibi wa kwanza kupata mimba ya kifua, na kwamba muzee wangu angefufuka akanipiga talaka. Tulicheka taratibu, maana ukicheka kwa nguvu mutoto anaruka. Hapo nilifuma kofia ya kwanza ya Gradi, sindano zikipita juu ya mugongo wake. Vitanzi arobaini na vinane. Inaenea kwenye chungwa. Sijui kusoma, lakini vitanzi nahesabu, na sikosei.

Kila mercredi, ndiyo Jumatano, Dokta Olivier alikuwa anakuja na mashini ya ekografi. Ilikuwa moja tu, ilizunguka hospitali nzima, siku yetu ilikuwa hiyo. Kijana mupole, sufuria yangu kubwa imemuzidi miaka. Alikuwa anapakaa dawa ya baridi juu ya utosi wa mutoto, pale panapopiga, anaweka kile kitu kama kipande cha sabuni, anaangalia kwenye kioo mawingu meusi na meupe. Unajua sisi tulivyo juu ya utosi. Ukija kwangu nikiwa na mutoto muchanga, ninafunika kichwa chake mbele sijakupa kiti. Utosi wa mutoto haushikwi na mutu wa nje. Mama yangu alinilea hivyo, nami nikakulea wewe hivyo.

Mercredi ya kwanza Gradi alikuwa na siku moja tu, na dokta alisema huyu atangoja mercredi inayofuata. Siku hiyo aliangalia watatu, na kasichana ka Charline kalikuwa kamoja. Mbele ya dimanche, siku ya misa, wawili walikuwa wamekwenda. Kasichana ka Charline kalikwenda vendredi, siku mbili tu kisha hapo, saa nne asubuhi. Charline alibaki amekaa, kitambaa kimefungwa bado, hakuna kitu ndani. Hakusema mzaha tena. Sikumuona tena kisha hapo.

Mercredi ya pili nitairudilia. Bénita, usiniangalie, andika.

Kisha wiki sita tulirudi nyumbani na kilo mbili. Kwenye kitabu cha mutoto kulikuwa kumeandikwa kwamba eko ilifanywa, na hakuna kibaya kilichoandikwa, basi walituambia tuje kwa chanjo tu. Nilimufumia kofia ya pili, vitanzi hamsini na viwili. Bénita alikuwa amepona, ananyonyesha, anaimba. Kisha majuma mawili kofia ikawa inapanda yenyewe na kuanguka. Nikafuma ya tatu, vitanzi sitini. Nilifurahi! Niliwaambia majirani kwamba kichwa cha babu yake kimerudi, kwamba huyu atakuwa ministre. Kofia ya tatu ilipaswa kuvaliwa mwezi. Ilimukatalia kisha siku kumi tu. Nikafuma ya nne, vitanzi sabini na viwili, na nilipofika kitanzi cha sabini vidole vilianza kuwa baridi.

Mwili haukuwa umekua hivyo. Mikono ilikuwa ileile. Ni kichwa peke yake.

Kisha akaanza kutapika. Macho yake yakawa yanatazama chini siku nzima, weupe unaonekana juu, kama anatafuta kitu alichoangusha. Bénita ndiye aliyesema twende. Mimi nilikuwa nasema tungoje. Dokta Olivier aliweka ile mashini juu ya utosi, na utosi ulikuwa umevimba, unasukuma mukono. Hakuchukua hata dakika mbili. Alituonyesha: katikati, mahali palipopaswa kuwa na nyufa ndogo tu, kulikuwa na maziwa mawili meusi.

Alitueleza taratibu, nami nilikamata kila neno. Alisema ndani ya kichwa cha mutoto anayezaliwa mapema, mishipa ya damu bado ni laini kama utando wa yai. Pumzi ikikatika kidogo, presha ikipanda ama kushuka, inapasuka. Na kwa nje hauoni kitu, mutoto ananyonya, analala, kumbe ndani damu imemwagika siku za kwanza kabisa. Damu ile inaziba njia ya maji ya ubongo, maji yanajaa. Alisema mashini haizibi mushipa. Lakini ukiona damu mapema, unapima kichwa kila juma kwa kamba, na maji yakianza tu unayatoa mbele hayajabana ubongo. Kisha akafungua kitabu, akaona imeandikwa kwamba eko ilifanywa. Akatafuta kwenye daftari lake. Hakukuwa na Gradi. Akauliza nani alimwambia muuguzi kwamba mutoto amekwisha kuangaliwa.

Hapo ndipo wewe ulikuwa umefika kutoka Vitshumbi, na viatu vya safari bado, unakumbuka. Muuguzi wa siku ile, Murhula, alikuwa mupya, alikuja kusaidia mwezi mmoja, kisha akaenda Bukavu. Hakukuwa na wa kumuuliza. Ulimugeukia Bénita. Alisema hakumbuki. Ukasema mama gani hakumbuki. Ukasema alibeba mifuko ya unga sokoni mpaka akatoa mutoto mbele ya wakati, kisha akamunyima ile eko kwa woga wake wa kijinga. Ulisema hayo kwenye korido, watu wakisikia, na tena hapa kwenye lupango, uani kwetu, majirani wakiwa juu ya ukuta. Ulisema amemuua mutoto wako na kumuacha apumue.

Wakamupasua Gradi. Waliweka mupira mwembamba chini ya ngozi, unatoka kichwani, unapita nyuma ya sikio, unashuka shingoni mpaka tumboni, maji yanakwenda huko. Wewe ulilala kwenye benchi siku mbili, kisha ukabeba sakoche yako ya nguo, ukarudi Vitshumbi.

Sasa ana miezi saba. Nakueleza alivyo, sababu ni wako. Kichwa kimetulia. Anacheka, na sauti yake ni yako kabisa, ile ya kuchelewa. Mukono wa kushoto umekunjwa, haufunguki vizuri, na muguu wa upande huo ni mugumu kama wa kiti. Macho yanafuata mwanga, lakini uso wangu haufuati mpaka niseme. Dokta hajui kama atatembea. Nilimuuliza bila kuzunguka, akanijibu bila kuzunguka, nami nikamupenda kwa hilo. Bénita anamunyosha mukono ule mara tano kwa siku na mafuta, sawa walivyomufundisha. Mutoto analia, yeye analia, wanaendelea.

Nilimuuliza dokta pia juu ya mifuko ya unga. Alisema hapana. Ni presha, na presha haikuletwa na mifuko. Hilo lishike. Na kupasuka kwa mushipa hakuna aliyekuleta, hata mimi. Lakini zile wiki zilizopotea, hizo zina mwenyewe.

Sasa, Bénita. Andika kama ninavyosema. Usisimame.

Fortunat, mercredi ya pili, muke wako alikuwa kitandani chumba kingine. Ilikuwa siku yake ya kwanza kujua jina lake, lakini hakuweza kukaa. Mimi ndiye niliyekuwa na Gradi. Nilisikia magurudumu ya mashini yakija kwenye korido. Nilihesabu: watatu walishikwa utosi, wawili wamekufa. Nikaona kwamba ile baridi inafungua mulango pale juu, na pumzi inatoka. Sikumuuliza mutu. Nilivuta kitambaa juu ya kichwa cha mutoto, nikavaa blauzi, nikajifunika kitenge, nikageukia ukuta sawa mwanamuke aliyelala. Murhula alinigusa bega akaniuliza kama wa kwangu ameshaangaliwa. Nikasema ndiyo, ameangaliwa na ni muzima. Mutoto wa watu alinisikiliza sababu nina mvi. Akaandika. Usimulaumu.

Wale wawili walikufa sababu walikuwa wagonjwa zaidi, ndiyo maana dokta aliwaanza. Nilihesabu kutoka upande mubaya. Hilo nimelielewa kwa kuchelewa, na pengine Mungu atanisamehe, sababu nilifanya kwa woga na kwa mapendo.

Lililo baya ni lingine. Tulipotoka hospitali ile siku ya maneno yako, Bénita aliniuliza, tukiwa wawili tu, kama inawezekana ni yeye aliyesema hivyo na hakumbuki. Nami nikamujibu kwamba pengine, ulikuwa na homa, ulikuwa unasema mengi. Nilimupa zambi yangu mukononi, akaishika, akaamini ni yake. Miezi mine anaomba msamaha kwa mutoto kila anapomunyosha mukono, nami nasikia nikiwa jikoni. Na ile kofia ya pili na ya tatu nilizifumua, nikasema uzi ni haba. Uzi haukuwa haba. Sikutaka mutu azipange kwenye mustari na kuona kwamba mimi, ninayehesabu vitanzi, nilijua mbele ya wote.

Haikuwa Bénita. Ilikuwa mimi.

Kalamu ilisimama hapo, mwanangu. Alama hiyo ya wino unayoiona ni pale iliposimama. Aliniangalia, nami nikamwangalia, sikuinamisha kichwa, nilijiambia nitakula matusi yote atakayonipa. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alisimama na mutoto mugongoni akatoka nje. Nilisikia akimwaga maji kwenye beseni, akifua kitu. Alifua muda murefu. Nilipochungulia, alikuwa anafua vitenge vilevile alivyokuwa amekunja, ambavyo vilikuwa safi.

Nilikaa hapa na karatasi nisiyoweza kuisoma. Nilizani barua itaishia hapo.

Sasa amerudi. Mikono ina maji, ndiyo maana maandishi haya yamelowa. Ameniomba nirudilie sentensi ile ya mwisho, polepole. Nimerudilia. Ameniambia anaiandika tena, isomwe mara mbili: Haikuwa Bénita. Ilikuwa mimi.

Basi nisikilize. Muke wako haendi Butembo. Kama lazima mutu abebe sakoche kwenye nyumba hii, ni mimi. Nina dada kule, atanipa kona, na nitakwenda na goti langu. Wewe utashuka na lori la Rodrigue, utamuomba msamaha kwa sauti ileile uliyomutukania, juu ya ukuta uleule, majirani wakiwa walewale. Kisha utajifunza kunyosha mukono ule na mafuta. Ukiwa na hasira, na uwe nayo, ilete yote kwangu, nina nafasi.

Ndani ya kifurushi kuna kofia mbili, ya kwanza na ya nne. Weka ile ndogo ndani ya ile kubwa. Utaona nilichokiona, na nikanyamaza.

Nilitaka nimalize hapo, lakini kuna jambo lazima uandikiwe. Bénita amesema hawezi kuandika vizuri na mutoto mugongoni, wino unaruka. Amemufungua. Nilizani atamulaza kitandani. Amekuja akanifungua vifungo viwili vya blauzi, akaniwekea Gradi kifuani, ngozi kwa ngozi, sawa kule. Amesema nimushike vizuri, kichwa upande usio na mupira. Ndivyo tulivyo sasa hivi. Hajaniita mama, sawa alivyokuwa ananiita. Amesema tu: endelea. Mutoto amenusa, amenijua, amelala.

Siendelei. Sina zaidi.

Majirani wote wanakusalimia, hata wale wa ukuta. Funika kifua chako. Kula mboga za majani mara moja moja. Njoo.

Ni mimi mama yako,
Kasoki

(Hapa ni kidole changu, Bénita amekipakaa wino wa kalamu. Mutoto alikishika kwanza, na mukono wa kulia, ndiyo maana kimechafuka pembeni.)